Debe la chai ya harusi nililoambiwa nitupe

Kila niliyemfunulia lile debe alinusa, akakunja pua, akasema tupa. Chai yenyewe ni ya majani, ya Mufindi. Shemeji yangu aliichukua kwa jumla alipopita Mafinga, iwe ya harusi ya mdogo wake. Harusi ikaahirishwa kusubiri hela ya korosho, hela ikaja ikaishia kwenye madeni, na debe likabaki uvunguni kwangu hapa Mikindani, mvua za Desemba mpaka Aprili zikalipitia. Hela iliyokwenda pale si ya kutisha, ila si ya kumwaga.

Niliingiza mkono mpaka chini. Majani makavu, yanachuruzika vidoleni, hayana bonge, hayana weupe wa ukungu, hayanuki uvundo. Hayanuki chochote, hilo ndilo tatizo. Chai nyeusi ikibaki kavu haiozi kama maziwa. Ile tarehe ya kwenye pakiti inahusu ladha kuliko usalama. Kinachoondoka ni harufu, na hizi chai zetu za punje ndogondogo zinaipoteza upesi kuliko jani zima, maana hewa inaziingia kila upande.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja akasema niichemshe sana. Chemsha mpaka kesho, utapata ukali, harufu haitarudi. Mwingine akataka niitie kwenye friji. Friji yangu ina pweza, na jani la chai hunyonya kila harufu iliyo karibu nalo. Isitoshe, ukitoa kopo la baridi kwenye joto hili la pwani, jasho linalitiririka ndani kwa nje.

Mama mkubwa ndiye aliyenishinda, kwa sababu huyo habishiwi. "Mwanangu, anika juani, jua linafufua." Haya, nikatandika jamvi uani, nikamwaga kiasi. Kwanza wakaja kuku, wakachakura, wakaonja, wakatema. Halafu kusi ikaamka, nusu ya punje zikahamia kwa jirani. Na jirani wa upande wa pili siku hiyo alikuwa ameanika ng'onda wa papa kwenye uchanja, upande ule ule upepo unakotokea. Sikuliwaza hilo mpaka jioni, baba mkwe alipopiga funda, akaweka kikombe chini taratibu, akauliza, "Mama, hii chai mmeitia papa?" Mama mkubwa alikuwepo. Aliangalia dari. Jua na upepo ndivyo vinavyoiua chai, na mimi nilikuwa nimeagizwa niipeleke kwa wauaji wake. Chai ile ya papa ilikwenda kwenye mchaichai na mipilipili, nikaitandaza nyembamba, maana ukirundika inaota ukungu.

Ikabaki akili yangu. Karanga zilizolala huwa tunazirudisha jikoni, zikapata moto kidogo zikanukia. Kwa nini chai isipate? Nilichukua sufuria kavu kabisa, isiyowahi kuunga kitunguu, nikaiweka juu ya mkaa uliokwisha kuvaa majivu. Nikatia majani kiganja kimoja tu, yaenee chini, nikawa nayageuza kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzo inatoka harufu ya vumbi, utakata tamaa. Endelea. Ghafla inageuka, inakuja kama ya mkate unaoiva, na hapo hapo mimina kwenye sinia baridi, usisubiri, kwa sababu sufuria inaendelea kuchoma hata ukiiepua. Ukiona moshi, umechelewa. Acha ipoe kabisa ndipo ufunike, la sivyo mvuke utabaki ndani.

Siwadanganyi kwamba inarudi kuwa mpya. Inakuwa chai nyingine, laini, haina ukali mwingi, na ukiizidishia majani kidogo kisha ukatia tangawizi na iliki, vitumbua vinakwisha sahani nzima. Mwanangu akanisomea kwenye simu kwamba Wajapani nao huchoma chai, ya kijani, na kwamba huko Kyoto walianza miaka ya 1920. Basi wamenitangulia, nimewasamehe.

Nachoma kidogo kidogo, ya kutosha wiki. Ya kila siku iko kwenye kopo la maziwa ya unga, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa birika ni maji vilevile. Debe kubwa nalifungua mara chache, kijiko kikavu.

Sifa zikavuka uchochoro. Wifi kaja na mfuko wake: "Nichomee na yangu." Nikafungua, mabonge, yamevaa ukungu wa kijivu. Hiyo moto hauisafishi, sumu ya ukungu inabaki. Nikaipeleka moja kwa moja shimo la taka. Amenuna mpaka leo, anasema ya kwangu mbona sikutupa.