Jinsi nilivyopata fedha za kuendesha programu huria

Programu yangu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote, ya kutunza kumbukumbu za hisa na mikopo ya SACCOS ilipoingia mwaka wa 3, watumiaji walizidi kuongezeka, ilhali gharama za seva nilizilipa kutoka mfukoni mwangu na usiku nilikesha nikijibu maombi ya msaada.

Nilianza na kitufe cha ufadhili cha GitHub, tovuti ninakohifadhi msimbo: niliweka faili la FUNDING.yml, linaloonyesha mahali pa kuchangia, ndani ya folda ya .github katika tawi kuu la msimbo, kitufe kikaonekana vizuri, lakini hakikuleta kitu. Namba ya M-Pesa ilileta shukrani nyingi na fedha kidogo. Nilifikiria hata kuachana na leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha programu bure, nikasita, kwa sababu uhuru huo ndio uliowafanya watu waiamini programu.

Ufumbuzi ulitoka kwa mhasibu wa chama kimoja, aliyenieleza kwa upole kwamba hawakukosa nia bali kifungu: bajeti yao haikuwa na mahali pa "mchango", ila ilikuwa na "matengenezo ya mifumo". Basi niliandika mkataba wa ukurasa mmoja, unaotaja muda wa kushughulikia hitilafu, nakala rudufu za kila wiki na siku moja ya mafunzo kwa mwaka. Kisha nikapeleka ankara kifani (proforma) yenye namba yangu ya mlipakodi (TIN) kabla bajeti haijapitishwa. Maneno yale mawili matatu katika mstari wa maelezo ya ankara ndiyo yaliyofungua mlango. Vyama 3 vimekwisha kulipa, seva imelipiwa hadi mwakani, na msimbo umebaki wazi kwa wote, wakiwemo wasio na uwezo wa kulipa.