Maoni 41 kwenye msimbo wangu

Mabadiliko yangu ya kwanza makubwa kwenye msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu ya kazini, yalikuwa na mistari karibu 900. Wenzangu waliyakagua, yakarudi na maoni 41. La kwanza nililoliona ni "Hii haifai." Uso ukanipanda joto, na kabla sijafika katikati nilikuwa nimeshaanza kujibizana. Jioni nzima nilitetea kila mstari kama niliyetukaniwa mzazi.

Dada mmoja, mkongwe kwenye timu, ndiye aliyenituliza kwa sentensi moja: "Orodha hii ikiwa na oda 200, hifadhidata itaulizwa mara 201: mara moja kuleta oda, kisha mara moja kwa kila oda kumtafuta mteja wake." Nikafungua kumbukumbu za hifadhidata, nikahesabu. Kweli, 201. Sikuwa na la kubisha, na cha ajabu, sikuumia. "Haifai" ilinifanya nijitetee. "Mara 201" ilinipeleka kupima.

Tangu siku hiyo nasoma maoni yote hadi mwisho kabla ya kujibu hata moja. Yanayohusu ladha, kama majina tunayoyapa thamani ndani ya msimbo, nayamaliza haraka. Yanayodai kuna kosa nayaandikia kwanza jaribio, yaani msimbo mfupi unaoipima programu, linaloshindwa kwa sababu ya kosa hilo, ndipo narekebisha. Nisipoelewa nauliza: "Mtumiaji akiingiza nini ndipo itavunjika?"

Kukosoa wengine kulinichukua muda mrefu zaidi kujifunza. Nilipoanza kukagua kazi za wenzangu, niliandika "Kwa nini umefanya hivi?" kwa kijana aliyekuwa mgeni. Niliamini nauliza tu. Akakaa siku nne bila kutuma kazi. Nilipomfuata akasema, "Kaka, nilijua unataka niondolewe." Inaniuma hadi leo. Tukakaa kwenye skrini moja, akanionyesha: mistari niliyoiona ya ziada ilikuwa inazuia malipo kukatwa mara mbili mtumiaji akibonyeza kitufe tena. Yeye aliona mbali kuliko mimi. Nikamwomba radhi palepale, na pia kwenye ule ukaguzi, ili timu nzima isome.

Kilichokuwa kikimtisha zaidi ni kwamba meneja wetu alihesabu maoni ya kila mtu wakati wa tathmini. Michael Fagan wa IBM, aliyechapisha utaratibu wa kukagua msimbo mwaka 1976, alishaonya kwamba matokeo ya ukaguzi yasitumike kumpima mwandishi wake. Nilipeleka hoja hiyo kikaoni, tukabishana, mwishowe hesabu ile ikaachwa.

Siku hizi jambo la ladha nalitanguliza na "si lazima", na kasoro naieleza kwa mfano unaoweza kujaribiwa. Kazi ikiwa ndefu mno naomba igawanywe, maana mistari 900 huchosha macho, na uchovu hutoa maneno makali.

Wiki iliyopita yule kijana alikagua kazi yangu, akaandika: "Mtandao ukikatika hapa, rekodi ya kwanza itabaki bila ya pili. Tuziweke kwenye muamala mmoja, zihifadhiwe zote mbili au isihifadhiwe hata moja?" Niliandika jaribio. Likashindwa, kama alivyosema.