Kitanda Nilichokilipia

Nilipoondoka Nairobi kwenda Ujerumani 2013, chokoraa, mtoto wa mitaani, kwangu alikuwa mtu wa kukwepa. Nimekulia mtaa wa Huruma, na sote tulijua kanuni: ukiona kichupa cha gamu, ile gundi ya kunusa, mdomoni, shika mfuko, vuka barabara. Halafu, huko kwenye baridi, nikaingiwa na huruma ya mbali. Tukawa Wakenya tisa tunaochanga kila mwezi kwa makao ya watoto nje kidogo ya jiji. Vitanda 40. Tuliletewa picha za watoto wenye sare na shuka zilizonyooshwa, nami niliwaonyesha wenzangu kazini kwa majivuno.

Nimerudi Machi. Dereva aliyenitoa uwanja wa ndege alinipitisha ile barabara ya juu, nikawa nashangaa hadi akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza Kenya. Nikamjibu kwa Sheng ya 2013. Alicheka mpaka Westlands. Sheng huchakaa haraka kuliko viatu.

Wiki ya pili nikaenda kwenye makao yetu. Watoto walipangwa mstari, wakaniimbia, nikapiga makofi. Baadaye nikakaa na kijana wa miaka kama kumi, nikamuuliza kwao ni wapi.

"Mathare."

"Na mama?"

"Yuko. Anafulia watu nguo Eastleigh."

Miaka yote hiyo nilidhani nalea yatima. Nilipouliza ofisini nikaambiwa mama alishindwa, nikaongezewa chai.

Dadangu ndiye aliyenishika mkono. "Twende Mathare," akasema, "na hiyo simu ibaki mfukoni." Tukashuka kutoka Juja Road hadi chini mtoni. Nilikokumbuka nyumba zimebanana kulikuwa na uwanja wa vifusi: mafuriko ya Aprili 2024 yalibeba za ukingoni, kisha tingatinga za serikali zikamalizia. Shosho, yaani nyanya, tuliyemfuata alikuwa na kituo chake hapo cha kulea watoto mchana wakati mama zao wako kazini. Sasa amepanda juu, kwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, watoto 17, mkeka mmoja na sufuria ya uji. Anatoza shilingi 60 kwa siku. Ana daftari la madeni ambalo nadhani hata yeye hataki kulijumlisha.

Kazi ya mama fua naijua kwa kuiona tu: wanawake wameketi kando ya barabara tangu alfajiri, wakingoja mtu aje aseme ana nguo. Kuna siku hakuna anayekuja. Siku hiyo, shosho akanieleza huku akimfuta mtoto kamasi, ile 60 haipo. Basi mdogo anaachiwa dada yake wa miaka saba, naye hakanyagi shule. Kaka wa miaka tisa anatoka kujitafutia, anaokota plastiki na vyuma, anapima kwa kilo, anakula alichopata. Anarudi saa mbili usiku. Kesho saa nne. Wiki moja harudi.

"Hakuna mtoto huamka akasema leo nakuwa chokoraa," alisema. "Huenda kidogo kidogo, kama maziwa yanavyoganda."

Jumamosi tulikwenda Globe, mzunguko wa barabara mjini wanakokaa chokoraa, kuona vijana wawili ambao wamewahi kulala nje wenyewe. Hawabebi mtoto yeyote kumpeleka popote. Wanakaa naye tu, wanacheza mpira, wanamsikiliza akidanganya jina lake mara tatu, na siku akilitaja la kweli ndipo wanaanza kutafuta kwao. Huchukua miezi. Marehemu baba alikuwa akitusimulia habari za padre Mholanzi, Arnold Grol, aliyezunguka mjini usiku akikaa na parking boys, kama watoto wa mitaani walivyoitwa enzi hizo, akaanzisha shirika la Undugu 1973. Nilidhani ni hadithi ya zamani. Kumbe ndiyo kazi ile ile.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 15,337 Nairobi pekee. Sisi tuna vitanda 40, na angalau kimoja analalia mtoto mwenye mama. Serikali nayo ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwa jamaa zao. Naunga mkono, ila ukimrudisha yule kijana Mathare na mama yake bado hana pa kumwacha mdogo, umemrudisha Globe kwa njia ndefu.

Nimewaandikia wenzangu wanane: tusiwakatie wale watoto ghafla, lakini kuanzia sasa sehemu ya mchango iende kwa daftari la shosho, na nauli ya kumpeleka kijana kumwona mamake kila mwezi. Watano wamekubali. Mmoja ameuliza, "Na picha je?"

Bado sijamjibu. Ujumbe wake ulinikuta kwa shosho jioni, nimepakata mtoto wa miezi minane ambaye mamake alikuwa amechelewa, na alikuwa ameshika kidole changu cha kuandikia.