Pakiti ndogo zilizoangusha klasta yangu

Nilipopewa kazi ya kuunganisha seva za vituo viwili ziwe klasta moja, yaani kundi la seva linalofanya kazi kama seva moja, hesabu yangu ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Nilichukua data inayoandikwa kwa siku nzima, nikaigawa kwa sekunde, nikaona kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde kinatosha na kusaza. Kilitosha kweli, mpaka usiku wa bekapu ya kwanza.

Bekapu ilijaza kiungo chote. Kwenye foleni ya ruta, kifaa kinachoelekeza data njiani, zikakwama pakiti ndogo, yaani vipande vya data, ambazo seva hutumiana kujuliana hali. Pakiti hizo ni nyepesi mno, lakini zikichelewa kupita muda uliowekwa, kila upande huamini mwenzake amekufa. Basi pande zote mbili zikajitangaza wakuu, kila mmoja ukawa unaandika data zake. Kuzipatanisha kulinichukua siku mbili, na usingizi sikuuona.

Nikaanza upya. Safari hii nilipima trafiki kwa dakika, maana wastani wa siku huficha vilele. Pakiti za kujuliana hali nikazipa kipaumbele kwenye ruta, pamoja na njia ya akiba inayopita kwingine kabisa. Bekapu nikaiwekea kikomo cha megabiti 400 kwa sekunde. Halafu nikaweka mashine ndogo mahali pa tatu ipige kura ya uamuzi, kwani wawili wakibishana hakuna wa kuamua.

Kilichonisumbua zaidi ni umbali, na huo haununuliki. Mwanga ndani ya faiba, waya wa kioo unaobeba data, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya hula milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kwetu nilipima milisekunde 6. Ni kidogo, sivyo? Programu yetu moja ilikuwa ikihifadhi rekodi mojamoja na kila mara kusubiri kituo cha pili kithibitishe. Rekodi 1,000 zikawa sekunde 6. Kuongeza upana wa kiungo kusingesaidia chochote. Tuliibadilisha ihifadhi kwa mafungu.

Mwisho tulichomoa waya wa kiungo makusudi ili kujaribu, mchana wa pilikapilika. Upande uliopata kura ya tatu uliendelea, mwingine ukajisimamisha wenyewe. Kiungo kiliporudi, deni la data la dakika 40, zile ambazo upande uliosimama ulizikosa, lilichukua karibu nusu saa kulipwa, kwa kuwa data mpya zilikuwa zinaingia vilevile. Hilo sikuwa nimelihesabu.