Chupa ya pili

Juni 2017, Moshi, baridi ya mlima imeshuka hadi mjini, nilimkatalia nesi damu ya baba yangu.

Mzee alikuwa na siku tano za homa. Zahanati ya kijijini ilimpa dawa mseto, kisha ya taifodi (kwetu homa isiyo na jina huitwa taifodi), na tumbo lilipozidi kumkaba upande wa kulia ndipo tukateremka naye. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili mpaka kitanda cha wodini kikawa kinagonga ukuta.

Nesi alikuja na bomba kubwa la sindano na chupa mbili zilizofanana kama mapacha, vifuniko tu ndivyo vilitofautiana rangi. Akasafisha ngozi, akasubiri ikauke, akavuta damu mpaka nikaona inatosha. Bado akaendelea.

"Sista, samahani. Huyu mzee ana miaka 71. Damu yote hiyo ya nini?"

"Dada yangu, chupa hii ina hewa, hii haina. Kuna wadudu wakikutana na hewa hawaoti kabisa. Nikijaza moja tu, hao hatuwapati."

Sikuelewa. Aliyeelewa ni baba, niliyedhani amelala.

"Kama ndizi za kuvundika," akasema bila kufumbua macho. "Ukifunuafunua, hazikubali. Mwache sista."

Siku ya tatu chupa ya kwanza, ile yenye hewa, ilikuwa bado safi. Ya pili imeotesha wadudu. Daktari akatuandikia jina kwenye karatasi, Bakteroidesi, akasema ni bakteria wa utumbo mpana: yeye anao, mimi ninao, hawana ugomvi na mtu mpaka watoke nje ya utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa baba walipitia kwenye kidole tumbo kilichopasuka. Jentamaisini, dawa ya bakteria aliyokuwa akidungwa, haiwawezi, maana ili iingie ndani ya bakteria inahitaji oksijeni, na hao wanaishi bila oksijeni. Wakamwongezea metronidazo, dawa inayowaweza, kwenye dripu, wakampasua jioni ileile.

Usaha uliotoka kwenye mpira waliomwachia ubavuni sitausahau. Si harufu ya kidonda. Ilikuwa ya kitu kilichofungiwa siku nyingi, na shangazi yangu, mwanamke asiyetishwa na chochote, alikwenda kusimama dirishani akajifanya anatazama kilele cha Kibo.

Baba alilalamikia dawa tu. "Kila nikila ni kama nalamba jembe." Alipoambiwa pia kwamba asiguse mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka amalize dozi na siku kadhaa zaidi, alinyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza alipoambiwa atapasuliwa.

Siku ya kuruhusiwa, yule nesi alipita kutuaga. Baba akamshika mkono.

"Sista, ile chupa ya kwanza ambayo haikuwa na kitu. Damu yangu mlinirudishia?"

Nesi akacheka. Mimi nikainama kufunga zipu ya begi ambalo lilikuwa limeshafungwa.