Wiki Mbili Kabla ya Kuripoti Kazini

Barua ya ajira iliniachia wiki mbili kabla ya kuripoti kazini kama mkaguzi msaidizi wa hesabu. Nilikuwa nimetoka chuo, na viwango vya kimataifa vya ukaguzi nilivishika kwa namba: 315 cha hatari, 500 cha ushahidi, 530 cha sampuli. Dada mmoja wa ukoo wetu, mkaguzi wa miaka mingi, akaniambia niviweke kando kwanza. Alinipa bahasha ya mazoezi aliyoyatunga mwenyewe: urari (orodha ya salio za akaunti zote) wa kampuni ya kubuni, leja ya mauzo, yaani daftari lake la mauzo, ankara 38, hati 40 za kutolea mzigo ghalani na taarifa za benki.

"Mdogo wangu, nijibu swali moja tu. Mauzo ya mwaka huu yote yameingia vitabuni?"

Nikafungua leja, nikachagua miamala 15. Kwa kila mmoja nilitafuta ankara, nikalinganisha tarehe, kiasi na jina la mteja, kisha nikaitafuta hati ya mzigo yenye sahihi ya aliyepokea. Miamala yote ilikubaliana. Nikaandika: mauzo yamekamilika.

Dada alisoma, akachukua bunda la hati za mzigo na kuanzia upande ule. Hati namba 0418 na 0422 hazikuwa na ankara. Mzigo ulitoka, mteja akasaini, leja haina habari.

"Ukianzia kwenye leja, mdogo wangu, utakuta kilichomo kwenye leja tu," akasema.

Mwelekeo wa jaribio ndio uliokuwa umepotea. Kutoka leja kwenda kwenye hati unapima kama kilichoandikwa kilitokea kweli. Huko ndiko mauzo hewa hunaswa. Kutoka hati kwenda kwenye leja unapima kama kilichotokea kimeandikwa. Kwa madeni ya wauzaji, hofu kubwa huwa ni kufichwa, kwa hiyo huanzi na orodha ya wanaodai. Unaanza na malipo yaliyofanyika baada ya mwaka kufungwa, unauliza kila moja: huduma hii ilipokewa lini? Ghalani unakwenda pande zote mbili, kutoka orodha hadi rafuni na kutoka rafuni hadi orodha. Hadi leo naamini anayeanza kazi hii akilishika hili kabla ya siku ya kwanza, mengine atayajifunza akiwa kazini.

Tukarudia zoezi. Safari hii nilipanga hati zote kwa namba nione kama kuna iliyoruka, kisha nikachukua tano za mwisho za Desemba na tano za kwanza za Januari, nione kama kila mauzo yameandikwa kwenye mwaka wake. Ankara moja ilikuwa na tarehe ya Desemba 31, lakini mzigo wake ulikabidhiwa kwa mteja Januari 3. Kwa kuwa masharti ya mauzo yalisema bidhaa ni za mteja pale anapozipokea, mauzo hayo ni ya mwaka mpya.

Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha salio la vitabuni na la taarifa ya benki, ulinichukua jioni nzima. Tofauti ilikuwa 180. Dada akaniuliza kama inagawanyika kwa 9. Inagawanyika, mara 20. Hiyo ni dalili, wala si uthibitisho, kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Nikatafuta, nikakuta 5,640 imeandikwa 5,460. Kisha hundi ambazo hazijapita: niliziangalia kwenye taarifa ya benki ya miezi iliyofuata, na moja ya Novemba ilikuwa bado haijapita hadi Februari. Hundi ya namna hiyo huenda imepotea, au iliandikwa ikabaki kwenye droo ili deni lionekane limelipwa.

Excel sikuhitaji mengi: SUMIFS ya kujumlisha kwa masharti, VLOOKUP ya kutafuta thamani kwenye orodha, jedwali la pivoti la kufupisha data, na kuhakiki kwamba jumla ya faili niliyopewa inalingana na urari kabla sijachagua sampuli. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana. Sampuli nzuri kutoka kwenye orodha pungufu haikupi chochote.

Kilichorudishwa mara nyingi zaidi ni karatasi ya kazi, yaani maandishi ya jaribio lililofanyika. Dada alitaka lengo, chanzo cha taarifa, kazi iliyofanyika, matokeo na hitimisho, pamoja na herufi za kwanza za majina yangu na tarehe. Niliandika "nimeangalia ankara, ziko sawa." Akaikata. Ankara zipi? Zilichaguliwaje? Umeangalia nini ndani yake? Kiwango namba 230 kinataka mkaguzi mzoefu ambaye hakuwepo aisome na kuelewa kilichofanyika na kilichopatikana, bila kukupigia simu.

Toleo la nne lilisema: hati 40 zote zimefuatwa hadi kwenye leja, 38 zimekutwa, 2 hazikutozwa ankara, jumla 1,240,000. Nikaongeza kwamba kiasi hicho ni kidogo. Kwenye zoezi lile faida kabla ya kodi ilikuwa milioni 200, nami nilitumia asilimia 5, yaani milioni 10, kuwa mpaka wa kosa linaloweza kumbadilishia msomaji uamuzi.

Dada alipigia mstari neno "kidogo."

"Hizi mbili zimetokeaje? Kama ghala linatoa mzigo bila kumjulisha mtu wa ankara, huna uhakika ni mbili tu."

Nikarudi kwenye bunda. Zote mbili zilisainiwa na mtunza ghala mmoja, siku za Jumamosi, ambapo ofisi ya ankara ilikuwa imefungwa. Nikaanza kuzitafuta Jumamosi zote za mwaka.