Siku moja maishani mwangu: wakili wa kesi za ndoa hapa Mbeya

Nikijitambulisha kwenye kikao cha harusi kwamba mi ni wakili na kazi yangu ni ndoa, talaka, watoto na mirathi, watu wananyamaza kidogo. Shangazi mmoja aliwahi kuniambia mbele za watu, "mwanangu, kazi ya kuvunja nyumba za watu haina baraka." Iliniuma sana na bado inaniuma, ndo maana naandika siku yangu ya Jumanne ilivyoenda. Habari za wateja nimezibadilisha ili asitambulike mtu.

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Mbeya mnaujua wenyewe, maji ya bomba yanauma vidole. Nikaandaa watoto, chai, sweta ndani suti nyeusi juu, bajaji mpaka Kabwe, saa 1 na nusu niko ofisini.

Ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la pembejeo. Tuko mawakili watatu na karani wetu. Watu wanadhani wakili anatoka tumboni na suti, kumbe kila mmoja wetu kafika hapa kwa njia yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rungwe miaka minane, sheria nimeisoma Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, nasahihisha madaftari mpaka saa 3 usiku ndo nafungua notisi, halafu mwaka mzima Dar Shule ya Sheria, mitihani miwili nikairudia, ndo nikaapishwa. Mwenzangu, tunamwita Dada, alikuwa afisa ustawi wa jamii kabla ya uwakili. Ameingia nyumba za watu usiku kuchukua watoto waliopigwa, mambo mengine mpaka leo hawezi kuyasimulia. Na Mzee, yeye alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo zaidi ya miaka ishirini, na mahakama ya mwanzo ndo mashauri mengi ya ndoa ya watu wa kawaida yanakoanzia. Alipostaafu akasema hawezi kukaa nyumbani kuangalia kuku. Vyeti vyetu vinafanana, ila mteja anapolia mbele yako cheti hakikusaidii, kinachokusaidia ni yale uliyoyaona kabla.

Saa 3 mahakamani, tumekaa kwenye benchi mpaka saa 5 kasoro, wakili wa upande wa pili hajafika, tukapangiwa tarehe nyingine.

Saa 5 na robo nimerudi, kuna mama ananisubiri, katoka Rungwe na gari ya alfajiri, kakaa mwisho kabisa wa benchi kashika mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko kuna cheti cha ndoa cha kanisani, kadi za kliniki za watoto watatu, na hati ya baraza la usuluhishi inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Vyote safi, vimekunjwa vizuri. Nikaangalia tarehe ya hati nikajisikia vibaya, ilitolewa mwezi wa kumi na mbili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ombi la talaka liende na hati ya baraza isiyozidi miezi sita tangu itolewe, na yake ina miezi saba. Nikamuuliza, mama mbona umechelewa? Akasema alikuwa anachuma chai kibarua, anakusanya nauli na hela ya kufungulia shauri.

Hapo nataka niseme kitu. Kila wiki napigiwa simu na mtu ananiuliza "wakili, tumekaa naye miezi sita, si tayari ni mke wangu?" Hapana. Kinachosemwa na sheria ni miaka miwili au zaidi, tena muwe mnatambulika na watu kama mke na mume, hapo ndo kuna dhana ya ndoa, na dhana yenyewe inaweza kupingwa kwa ushahidi. Miezi sita ya mtaani haipo kwenye sheria, ila miezi sita ya hati ya baraza ipo na inamuumiza mama kama huyu ambaye hakuna aliyemwambia. Nikampigia katibu wa baraza palepale, nikamwomba awaite tena mapema yeye na mumewe ili ipatikane hati mpya. Mama nikamwambia hela yako irudishe kwenye mfuko, kazi yako hatutakutoza. Akaniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akafunga mfuko wake fundo mbili.

Saa 7 nilitakiwa nile. Sikula, maana alikuja yule kaka wa mbao.

Huyu ni mteja wetu anayelipa vizuri, mkewe ndo kafungua shauri, sisi tunamtetea yeye. Kaja na begi la risiti, begi kweli, la kusafiria, akalimwaga mezani kwangu, saruji, bati, nondo, misumari, nyingine zimefutika wino kabisa, akaanza kunisomea moja moja. Mi nasikiliza naandika. Nyumba mbili na kiwanja, vyote vimepatikana ndani ya ndoa, ndoa ya 1998, na anataka kwenye majibu yetu niandike mkewe hakuchangia hata shilingi. Nikamwambia kaka, siwezi kuandika hivyo. Akasema "binti, mi nimekulipa uandike ninachosema." Nikameza. Nikamweleza taratibu kama ninavyoeleza darasani, kwamba kifungu cha 114 cha hiyo Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, na mchango ni pesa, mali au kazi, na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, maana mume alishampa hela za maendeleo na mahakama ikaona zimepotelea mikononi mwake, lakini maneno yale yamewabeba wanawake wengi waliokuja baada yake. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akachukua risiti nyingine. "Hii ya bati, ona jina la nani."

Akampigia kaka yake simu, akaweka sauti kubwa, kaka mtu naye akaanza kunifundisha sheria. Nusu saa. Kisha akampigia fundi aliyejenga. Fundi anasema ndiyo bosi ulilipa wewe. Kichwa kinaniuma, tumbo linadai, nje karani ananionyesha kwa ishara kwamba kuna watu watatu wanasubiri, na huyu kaka ndo kwanza yuko kwenye risiti za mwaka 2006. Nikajaribu tena, kaka, ukiapa mahakamani kwamba hakuchangia chochote halafu yeye akaleta majirani, hakimu hatakuamini hata kwenye yale ya kweli, na una ya kweli mengi tu, hiyo mashine ya mbao umeinunua kwa mkopo uliolipa mwenyewe, madeni nayo mahakama inayaangalia, tupiganie hapo. Hataki. Anasema naonekana niko upande wa wanawake.

Mzee akaingia kuchukua faili. Sijui alisikia nini kwa nje, akavuta kiti akakaa, akamsalimia vizuri, habari za nyumbani, habari za mbao, mwisho akamuuliza, "matofali ya nyumba ya kwanza ulinunua au ulifyatua?"

"Nilifyatua."

"Maji mlitoa wapi?"

"Mtoni, Mzee."

"Nani alibeba?"

Akakaa kimya. Halafu akasema kulikuwa na vibarua, na yeye mama alikuwa anabeba pia, ila si sana, alikuwa na mimba.

"Vibarua walikula wapi?"

Kaka wa mbao hakujibu. Alianza kurudisha risiti kwenye begi, polepole, akizinyoosha kwanza. Mimi kifungu nilikuwa nacho, kesi ninayo, nimeongea karibu saa mbili. Mzee katumia maswali manne. Yale maswali hayafundishwi chuo, ni miaka ile ishirini ya kukaa mbele ya watu wanaogombania sufuria. Kaka akasema anaenda kufikiri. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Kuna wale watatu wa benchi, mirathi, matunzo, na binti aliyetaka kujua tu kama baba anaweza kumnyang'anya mtoto wa miaka mitatu. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, ingawa mahakama ikiona sababu inaweza kuamua vingine. Kisha nikakaa na Dada kwenye suala la kijana wa miaka tisa ambaye wazazi wanamvutana, mahakama inaweza kusikiliza anataka nini kama ana umri wa kujieleza. Mi nikasema tumuulize kuhusu shule kwanza, mtoto akizungumzia nani anamsaidia hesabu za nyumbani utajua anaishi na nani kweli. Dada akasema na tumuulize akiumwa usiku anamwita nani. Tukaandika yote mawili.

Giza likaingia, baridi imerudi, nimekula ndizi mbili za kuchoma za pale chini barabarani, ndo chakula cha mchana hicho. Nyumbani watoto wamelala, mdogo kaacha daftari mezani nisahihishe. Miguu imevimba. Karani akatuma ujumbe saa 4 usiku, katibu wa baraza kapiga, watawaita wote wawili Alhamisi ijayo. Nikampigia mama wa Rungwe, alikuwa bado macho, akaniuliza aje na nini. Nikamwambia aje na ule mfuko wake vilevile ulivyo.